Ndoa ya bomani isiishie makaburini

Mwislamu na Mkristo wanaotaka kuoana Tanzania Bara, bila yeyote kati yao kubadili dini, hawana haja ya kukimbilia nchi ya watu. Wanakwenda kwa msajili wa ndoa, ambaye kwa wengi ni ofisi ya mkuu wa wilaya, wanatoa taarifa ya kusudio la kuoana, tangazo linakaa siku 21, na kama hakuna aliyeleta pingamizi lenye mashiko wanarudi na mashahidi wawili, wanatia saini na kuondoka na cheti. Hakuna anayewauliza nani atamfuata nani. Tumeuzoea utaratibu huu kiasi cha kusahau kwamba nchi nyingi hazina. Lebanon inatambua rasmi madhehebu 18, na ndoa za raia wake zimo mikononi mwa viongozi na mahakama za madhehebu hayo. Mkristo wa Kimaroni na Mwislamu wa Kisuni wanaopendana hupanda ndege hadi Cyprus, wakafungishwa ndoa na ofisa wa manispaa, kisha wakarudi Beirut, ambako serikali inaisajili ndoa ileile ambayo yenyewe isingekubali kuifungisha. Indonesia, kwa sheria yake ya mwaka 1974, ndoa ni halali ikifungwa kwa mujibu wa dini ya wahusika. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikataa ombi la kuilegeza sheria hiyo, na Julai mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikatoa waraka wa kuwaelekeza majaji wasikubali maombi ya kusajili ndoa za watu wa dini tofauti.

Kwetu mlango ulifunguliwa zamani. Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971, ilitokana na Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969, ambao ulitaka kuondoa hali ya kila kundi kuwa na ndoa zake zisizojuana na za jirani. Walioiandika hawakufuta ndoa za msikitini, za kanisani wala za kimila. Waliziacha zote, wakaiweka ndoa ya kiserikali kando yake ikiwa na hadhi ileile, na wakaweka masharti ya jumla yanayowahusu wote: hiari ya pande mbili, usajili, baraza la usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani, na talaka inayotolewa pale tu ndoa inapokuwa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Nchi ilikuwa na miaka kumi tu ya uhuru. Wapo waliosema sheria hiyo imeingilia dini, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo, lakini ilisimama. Huo ulikuwa ujasiri, na haki ni kuukiri kabla ya kuilaumu.

Lawama yangu ni moja. Sheria hii inawalinda wanandoa wa dini mbili siku wanapooana. Inawalinda wakigombana, na inawalinda hata wakiachana. Siku mmoja wao anapofariki, inawaacha mkono.

Chanzo ni kwamba Bara haina sheria moja ya mirathi. Tunayo mifumo mitatu inayokwenda sambamba: ya kimila, ambayo kwa makabila yanayofuata upande wa baba imeandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa na Waingereza, ambayo India yenyewe iliachana nayo mwaka 1925 kwa kutunga nyingine. Mfumo upi utumike hautegemei aina ya ndoa uliyofunga. Unategemea marehemu alikuwa mtu wa dini gani na aliishi vipi. Chukua mume na mke waliofunga ndoa bomani, wana watoto, na nyumba imeandikwa jina la mume. Mume akiwa Mkristo aliyeachana na maisha ya kimila, mjane wake, hata akiwa Mwislamu, anapata theluthi moja kwa sheria ya 1865 na watoto wanagawana theluthi mbili. Mume akihesabiwa kuwa mtu wa mila, kanuni za 1963 zinasema mjane mwenye watoto hana fungu, kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto hao. Mume akiwa Mwislamu, mke Mwislamu angepata thumni. Mke Mkristo hapati kitu kwa njia ya urithi, kwa sababu fiqhi haimruhusu asiye Mwislamu kumrithi Mwislamu. Mke ni yuleyule, nyumba ileile na cheti kilekile, lakini anaweza kuondoka na theluthi, na ahadi ya kutunzwa, au mikono mitupu.

Geuza sura ya familia, mke awe Mwislamu na mume Mkristo, mambo yanazidi kuwa magumu. Mke akitangulia, mumewe hana fungu katika mali aliyoacha. Zaidi ya hapo, ndugu wa mke wanaweza kudai kwamba hapakuwa na ndoa tangu mwanzo, maana fiqhi haitambui mwanamke wa Kiislamu kuolewa na mtu asiye wa dini yake. Serikali ilitangaza kusudio la watu hawa hadharani, ikawafungisha ndoa, ikawapa cheti chenye mhuri. Miaka thelathini baadaye mgane anasimama mbele ya mahakama ya serikali hiyohiyo akithibitisha kwamba marehemu hakuwa hawara yake.

Na hata kabla ya kufika mbele ya hakimu, mambo mengi huwa yamekwisha kuamuliwa. Matanga yakishaanuliwa, ukoo unakaa. Muhtasari wa kikao unaandikwa, mara nyingi kwa mkono kwenye karatasi za daftari la shule, ukitaja jina la marehemu, siku aliyofariki, wajane, watoto, mali alizoacha na ndugu anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Waliohudhuria wanatia saini, na muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Sasa, Sheria ya Mahakama za Mahakimu inaipa Mahakama ya Mwanzo mamlaka ya mirathi pale tu inapotumika sheria ya kimila au ya Kiislamu. Mirathi nyingine inakwenda mahakama za juu zaidi, kwenye fomu nyingine na gharama nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, la mahakama ipi ifunguliwe shauri, ni swali la dini na maisha ya marehemu, na mtu wa kwanza kulijibu si hakimu, ni shemeji aliyebeba muhtasari. Mjane wakati huo yuko ndani na khanga za msiba, watu bado wanaingia kumpa pole. Anayo haki ya kuweka pingamizi, ndiyo. Lakini anaingia mahakamani akiwa mpingaji, juu ya nyumba ambayo tofali zake alizihesabu yeye.

Akifika huko atakutana na vipimo viwili ambavyo mahakama zetu zimevitumia tangu miaka ya 1960: namna ya maisha ya marehemu na nia yake. Vipimo hivi havikuwekwa kwa ubaya. Vilikusudiwa kumwepusha mtu wa mjini, aliyeacha mila za kwao, asihukumiwe kwa mila hizo baada ya kufa kwa sababu tu ya kabila lake. Kwa ndoa ya mseto, hata hivyo, vinageuka kuwa kesi juu ya imani ya mtu ambaye hawezi tena kujieleza. Alikuwa akienda msikitini Ijumaa? Ramadhani alifunga, au alikuwa akila kwake mlango ukiwa umefungwa? Krismasi alikaa na nani? Watoto aliwapa majina gani? Alizikwa kwa taratibu zipi, na nani aliyemsalia? Swali hili la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu mazishi kwetu huendeshwa na ukoo kuliko na mke. Ukoo ukishinda kwenye mazishi, umejitengenezea ushahidi wa kutumia kwenye mirathi. Anayeshangaa kwa nini ndugu hugombea maiti mbele ya chumba cha kuhifadhia maiti, wengine wakitaka kanzu na wengine wakitaka jeneza, aangalie pia hati ya kiwanja iko kwa jina la nani. Si kila ugomvi wa maiti ni wa uchungu mtupu.

Kuna kinaya kingine hapa. Serikali ya Tanzania haijauliza dini ya raia katika sensa tangu mwaka 1967. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walishinikiza swali hilo lirudishwe, wengine wakatishia kugomea kuhesabiwa, na serikali haikulirudisha. Mwaka 2022 halikuwemo pia. Ibara ya 19 ya Katiba inasema imani ni hiari ya mtu binafsi na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 13 inakataza kumbagua mtu kwa dini yake. Dola isiyotaka kujua dini ya walio hai imejipa kazi ya kuchunguza dini ya marehemu, tena kwa undani ambao karani wa sensa asingethubutu.

Linganisha na talaka. Wanandoa hawahawa wakishindwana, hakimu hataki kujua nani alikuwa akisali wapi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinamtaka aangalie mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja na mchango wa kila mmoja, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika kesi inayojulikana kwa jina la Bi Hawa Mohamed, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. (Bi Hawa mwenyewe, inafaa kukumbuka, hakuambulia kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe alizitumia vibaya; kilichobaki ni kanuni, ambayo imewasaidia maelfu waliokuja nyuma yake.) Lakini kifungu hicho kinaanza kazi hakimu anapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Kifo hakimo. Maana yake ni kwamba mke Mkristo wa mume Mwislamu aliyechoka akaomba talaka mwaka wa ishirini ana msimamo mzuri zaidi kisheria kuliko mwenzake aliyevumilia, akamuuguza mumewe hadi pumzi ya mwisho. Sheria inayompa aliyeondoka na kumnyima aliyebaki haiwezi kujiita mlinzi wa ndoa, na hilo linapaswa kuwakera viongozi wa dini kabla ya kuwakera wanaharakati.

Watetezi wa hali iliyopo watasema mjane hakosi kinga kabisa. Ni kweli. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamhesabu mwanandoa aliyechangia kwa kazi yake katika kuendeleza ardhi kuwa ana maslahi ndani yake, hata kama hati ina jina la mwenzake tu. Kwa njia hiyo mjane anaweza kudai sehemu yake itolewe kwanza, kabla ya mali ya marehemu kugawanywa. Lakini hiyo ni kesi. Inataka wakili, stakabadhi za saruji za mwaka 1998, majirani wa kutoa ushahidi, na moyo wa kushtakiana na wakwe. Haki inayopatikana kwa kushinda kesi dhidi ya familia ya mumeo siyo haki uliyoahidiwa siku uliposaini kwa msajili.

Watoto nao wamo katika mtego huu. Mtoto wa baba Mwislamu aliyebatizwa kufuata dini ya mama yake si mrithi wa baba yake kwa fiqhi, na ndugu yake wa tumbo moja aliyekwenda madrasa ni mrithi. Familia nyingi za mseto hugawana watoto kwa utani na kwa mapenzi, huyu wa baba, yule wa mama, bila kujua kwamba wanagawa pia nyumba. Jirani zetu wa Kenya wamelazimika kuanza kuliangalia eneo hili kwa macho mapya: Juni 2025 Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba mtoto wa baba Mwislamu hawezi kunyimwa urithi kwa sababu tu alizaliwa nje ya ndoa. Suala lile si sawa na letu, lakini hoja iliyo nyuma yake ni moja, kwamba mtoto hakuchagua mazingira ya ndoa ya wazazi wake.

Dawa ipo, na wala si ngeni. India, nchi yenye dini nyingi na sheria za ndoa za kila dini, ilitunga mwaka 1954 sheria maalumu ya ndoa kwa wanaotaka kuoana kiserikali, na kifungu chake cha 21 kikaweka wazi kwamba mali ya aliyefunga ndoa hiyo, na ya watoto wa ndoa hiyo, itarithiwa kwa sheria ya mirathi ya kiserikali na si kwa sheria ya dini ya marehemu. Aina ya ndoa inaamua aina ya mirathi, basi. India haikupatia kila kitu. Taarifa ya siku 30 inayobandikwa hadharani kabla ya ndoa hizo imekuwa silaha ya ndugu wakali na vikundi vya kidini vinavyowaandama wachumba, hadi Mahakama Kuu ya Allahabad ikaamua Januari 2021 kwamba wachumba wasilazimishwe kutangazwa. Hilo ni funzo kwa tangazo letu la siku 21 pia, ingawa mjadala wake una makala yake. Katika suala la mirathi, India ya 1954 iliona mbali kuliko Tanzania ya 1971.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko cha India. Msajili wa ndoa tayari anashughulika na jambo zito kuliko hili: ndoa ya kiserikali inahesabiwa kuwa ya mke mmoja, lakini sheria inawaruhusu wahusika kusema vinginevyo. Watu wanaoaminika kuamua mbele ya ofisa wa serikali kama nyumba yao itakuwa na mke mmoja au zaidi, wanaweza pia kuaminiwa kuamua mali yao itarithiwa kwa sheria ipi. Fomu iwe na swali moja zaidi. Wakichagua sheria ya Kiislamu, au mila, ni hiari yao na iheshimiwe. Wasipochagua, itumike sheria ya mirathi ya kiserikali, na cheti chao kiseme hivyo. Hakimu akikiona hana haja ya kumwita shahidi wa kueleza marehemu alisali wapi. Waliofunga ndoa msikitini, kanisani au kimila hawaguswi kabisa.

Pingamizi kubwa, na la kuheshimiwa, ni kwamba mafungu ya urithi kwa Mwislamu yamepangwa na Mwenyezi Mungu, na hakuna fomu ya serikali inayoweza kuyapangua. Ninalichukulia kwa uzito wake. Lakini fomu haimlazimishi mtu kuacha faradhi. Inamtaka Mwislamu aliyeamua mwenyewe kwenda kwa msajili badala ya kwa sheikh aseme, akiwa hai na akili timamu, anataka nini. Akitaka fiqhi, atasema fiqhi, na mchumba wake atajua mapema anaingia katika ndoa ya namna gani. Kinachokataliwa hapa ni ndugu kumchagulia baada ya kufa. Wanaodai Mahakama ya Kadhi irudishwe Bara, dai lililoingia hata katika ilani ya uchaguzi ya CCM ya mwaka 2005 na likawasha moto bungeni mwanzoni mwa 2015, wangefaidika na mpaka huu. Katiba ya Kenya, inayozitambua mahakama hizo, inazipa mamlaka pale tu wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali kusikilizwa huko. Kadhi mwenye busara hataki kugombania mjane wa Kilutheri. Anataka mashauri ya Waislamu waliooana kwa ndoa ya Kiislamu, na mpaka ulio wazi unamlinda yeye pia.

Nisiifanye Kenya ionekane pepo. Sheria yake ya Ndoa ya mwaka 2014 iliunganisha sheria nyingi zilizotawanyika na ikaipa ndoa ya kiserikali nafasi yake, lakini sheria yake ya mirathi, tangu marekebisho ya mwaka 1990, inasema mali ya aliyekufa akiwa Mwislamu itagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Neno ndoa halimo katika kipimo hicho. Mwanamke wa Kikristo wa Mombasa aliyeolewa kiserikali na Mwislamu yuko pabaya vilevile alipo mwenzake wa Tanga.

Wengine watauliza: si waandike wosia? Nalo ni swali la haki, na jibu lake linaitetea fiqhi kuliko wengi wanavyodhani. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi ya mali yake kwa mtu asiye mrithi, na mke Mkristo, kwa kuwa hakuhesabiwa mrithi, anaweza kuusiwa theluthi nzima, wakati mke mwenzake Mwislamu angebaki na thumni au sehemu ya thumni. Kuna pia hiba, zawadi anayoikabidhi mtu akiwa hai, ambayo haina kikomo hicho. Sharia haikumfungia mlango mke huyu. Imeuacha mikononi mwa mumewe. Tatizo ni mume. Watanzania wengi wanaona kuandika wosia ni kujichuria, na anayeuandika huuficha kabatini usionekane mpaka siku ambayo wa kwanza kufungua kabati ni mdogo wake. Wosia ni kinga ya mwenye kuona mbali. Sheria inatungwa kwa ajili ya wale ambao hawakuona mbali, nao ndio wengi.

Na pingamizi la tatu, ambalo husemwa zaidi sebuleni kuliko magazetini: mmoja abadili dini, yaishe. Wengi hufanya hivyo. Anasilimu wiki moja kabla ya ndoa au anabatizwa haraka baada ya mafundisho ya juma moja, jina linabadilika, wazee wanaridhika, na baada ya miaka miwili kila mtu amerudi alikokuwa. Sioni dini inayonufaika hapo. Uislamu unakataza kulazimishana katika imani, na unamruhusu mwanamume kuoa katika watu wa Kitabu wakabaki na dini yao. Kanisa Katoliki lina utaratibu wake wa kibali kwa Mkatoliki anayeoana na mtu asiyebatizwa. Dini zenyewe zimekubali kwamba ndoa hizi zipo na zitakuwapo. Mirathi inayomwadhibu aliyebaki katika imani yake inamshawishi mtu asilimu kwa ajili ya nyumba, na sheikh wa kweli hawezi kulifurahia jambo hilo.

Kwa nini basi halijafanyika? Si kwa kukosa kujua. Tume ya Kurekebisha Sheria imekwisha kuyatazama masuala ya ndoa na mirathi tangu miaka ya 1990. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliiambia Tanzania, katika shauri la wajane wawili walionyimwa mali za waume zao, kwamba kanuni za mirathi za kimila zinavunja mkataba ambao nchi imeuridhia. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vinavyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa ni kinyume cha Katiba, katika shauri lililoanzishwa na Rebeca Gyumi, na marekebisho yakaendelea kupigwa danadana miaka kadhaa baada ya hapo. Kila Mwanasheria Mkuu anajua kwamba ukigusa mirathi umegusa Kadhi, ukigusa Kadhi umegusa kura. Ndiyo maana napendekeza mabadiliko madogo, ya fomu na kifungu kimoja, yanayowahusu tu waliokwenda bomani kwa miguu yao. Zanzibar, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki na Kadhi ana mahakama zake, ina mjadala wake na wenyewe watauendesha.

Serikali isisubiri sheria kubwa ya mirathi ya nchi nzima, ambayo wabunge wa leo huenda wakastaafu kabla ya kuiona. Waziri wa Katiba na Sheria alete marekebisho ya Sheria ya Ndoa, anayefungishwa ndoa na serikali arithiwe kwa sheria ya serikali isipokuwa amechagua vinginevyo. Na nyinyi mlio ndani ya ndoa hizi leo, msingoje Dodoma. Kiwanja mlichonunua pamoja kiandikwe majina mawili, kwa kuwa kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia mali yenye majina ya wote wawili kuwa ni yenu nusu kwa nusu. Andikeni wosia, mbele ya mashahidi wasio warithi, na nakala ihifadhiwe RITA au kwa wakili badala ya kabatini. Mume Mwislamu amkabidhi mkewe hiba yake angali mzima. Kwa sheria ilivyo sasa, cheti cha ndoa peke yake hakiwatoshi.